Nusu ya Akamwani

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Cheka tu, hata mama alicheka. Lakini Mwalimu Mkuu mwenyewe aliniambia mbele ya watu, "Sasa mwanangu upumzike," na mtu akishaambiwa apumzike, kazi imekwisha, awe amefanya miaka arobaini au miezi mitano. Mimi nilifanya miezi mitano kasoro siku chache. Nilikuwa najitolea darasa la tatu katika shule moja ya msingi huku Muleba, mlimani, wakati nasubiri kwenda kidato cha tano. Haya nayaandika kwenye daftari langu la siku zote, ila safari hii sitalificha chini ya godoro. Mwalimu Leokadia amesema ataliweka kabatini pamoja na zana, alisome yeyote atakayekuja kujitolea baada yangu. Vyeo na mshahara nitaviruka. Si kwa unyenyekevu, havikuwepo.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa aibu. Siyo ile aibu ya kuinamisha macho wageni wakija. Kidato cha pili niliwahi kuandikwa mtoro nikiwa nimekaa dawati la mbele, kwa sababu jina liliitwa na sauti ikagoma kutoka. Kwetu ni Hamugembe, Bukoba mjini. Huku nilikuja kumsaidia shangazi baada ya mtihani. Siku moja shangazi alinishika mkono kama mtoto, akanifikisha kwa jirani yake, Mwalimu Leokadia, akasema, "Huyu kamaliza form four. Anashinda jikoni ananitazama ninavyomenya ndizi. Mchukue, waitu, nakuomba, kabla sijamkata kidole." Sikuulizwa. Na kama ningeulizwa nisingejibu.

Asubuhi ya kwanza nilifika nimevaa sketi ya shule, maana sikuwa na nyingine ya heshima. Nilitegemea kukuta darasa nililosoma mimi: kimya, ubao, fimbo juu ya meza. Nilichokikuta kilinifanya nisimame mlangoni mdomo wazi. Mtoto mmoja alikuwa amelala chali sakafuni na wenzake watatu wanampima kwa kamba ya mgomba, wanagombana kama kichogo kihesabiwe au kisihesabiwe. Wengine walikuwa wamezunguka mizani ya hanga la nguo na vifuniko viwili vya ndoo ndogo, wanapiga kelele kama mnadani. Dirishani kuna aliyekuwa ananusa ndizi mbili huku amefumba macho. Nikasema moyoni, mwalimu hajafika, hawa wataumizana. Nikageuka nikamwite mtu mkubwa. Ndipo sauti ikatoka chini ya meza:

"Wewe mrefu! Umekanyaga mia yangu. Inua mguu."

Alikuwa Mwalimu Leokadia, amepiga magoti, kilemba kimejaa vumbi la chaki, anatafuta vizibo. Chini ya kiatu changu palikuwa na kizibo cha soda kilichopakwa rangi nyeupe. Chekundu ni moja, cha kijani ni kumi, cheupe ni mia. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kazini nilianza kwa kuwapotezea darasa zima mia moja, na watoto wote waliniangalia kama mwizi.

Sasa zana, maana ndizo utakazoachiwa. Vizibo vichemshwe kabla ya kutumika. Vile nilivyovikusanya kwenye baa za Hamugembe nikavileta kwenye mfuko vilinuka bia mpaka watoto wakaanza kujifanya walevi wakati wa kujumlisha. Kamba ya mgomba ina fundo kila baada ya mita moja. Ikilowa mvua inavutika na mita inarefuka, kwa hiyo ipime upya kila Jumatatu. Mizani haitaki upepo. Vijiti vya kuhesabia tunavichonga kwa matete ya bondeni, na hapo nisikilize vizuri: tete lililopasuka lina makali kuliko wembe. Hakuna kitabu cha kiongozi cha mwalimu kinachosema hivyo. Laiti kingesema.

Mwalimu Leokadia alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia mpaka nikawa naiota. "Usimpe mtoto jibu, mpe kitu. Mkono ukishajua, kichwa hakina ubishi." Nami kwa aibu yangu nikagundua, kwa mshangao mkubwa, kwamba sheria hiyo ilitungwa kwa ajili yangu. Mwalimu wa namna hii hahitaji kusema sana. Anagawa vitu, anakaa pembeni, anashtuka.

Na nilishtuka kila siku. Kuna aliyegundua mwenyewe kwamba kugawanya ni kutoa mara nyingi, akaja kunishtakia mwenzake amemwibia siri hiyo. Kuna siku darasa zima liligoma kutoka mapumziko kwa sababu kizibo kimoja cha kumi kilikuwa hakijapatikana. Mimi nilisoma miaka saba ya msingi nikisubiri ile kengele ya rimu ya gari igongwe. Hawa walikuwa wanaichukia.

Kesi yangu ngumu iliitwa Editha. Alikuwa mtoto mwembamba wa dawati la ukutani, ambaye tangu darasa la kwanza hakuna mwalimu aliyesikia sauti yake. Akiulizwa anatazama mikono. Nilimjua mara moja, kama unavyojijua kwenye kioo, na kusema kweli nilimwogopa. Rafiki yake alikuwa mmoja tu, Jovina, mtoto wa jirani, yeye mdomo wake haukuwa na likizo. Jovina ndiye aliyekuwa anasema kwa niaba ya wote wawili: "Mwalimu, Editha anaomba kutoka. Mwalimu, Editha anasema hujambo." Nyumbani kwao walikuwa wakikua kama wa tumbo moja, wakisikiliza hadithi za bibi yake Jovina, Ma Paskazia, bibi mmoja mwenye macho makali kuliko hayo matete.

Mwezi wa pili hivi wa kazi yangu, kwenye mizani, Editha aliweka jiwe dogo upande mmoja na rundo kubwa la magome makavu ya mgomba upande wa pili. Jiwe likashuka. Akaruka juu, akapiga kelele, "Kidogo kimeshinda!"

Yule aliyekuwa amelala chali akipimwa akainuka. Mwalimu Leokadia alidondosha chaki. Editha mwenyewe alijiziba mdomo kwa mikono miwili, amejishtua kuliko alivyotushtua sisi. Nilitoka nje kujifanya natafuta ufagio, kumbe nalia. Tangu siku hiyo aliongea, ila pale kwenye vitu tu, na akiwa na Jovina tu.

Baada ya Pasaka ukaja ugomvi. Shangazi alinisimulia huku anamenya. Kati ya kibanja cha baba yake Editha, Ta Wilbard, na kibanja cha baba yake Jovina pana mstari wa milamula, ile miti ya majani marefu tunayopanda mpakani. Asubuhi moja mlamula wa mwisho, ule wa kona, ulikutwa umeng'olewa. Huyu akasema, umeung'oa ili usogee. Yule akasema, umeung'oa mwenyewe ili unisingizie. Ilianza kwa maneno, likafuata panga lililonyanyuliwa na kushushwa, ikaishia kwenye shauri la baraza la kata. Watoto walikatazwa kupita njia moja. Shuleni tu ndipo palipobaki dawati lao, na Ta Wilbard alikuwa ameshaanza kusema kwamba hata hilo litakwisha, anamtafutia mtoto shule ng'ambo ya mlima kwa mjomba wake. Mimi nilijua maana yake. Editha bila Jovina angerudi kwenye kile kimya, na safari hii labda asitoke tena. Najua, kwa sababu mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa bado natokatoka.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwalimu Leokadia aliitwa semina ya siku mbili Bukoba, akaniachia darasa na somo la nusu. Kitabu kinasema tumia mkate au chungwa. Mkate wa kutosha darasa zima ningeupata wapi, na machungwa hayakuwa msimu. Nikawaza kutwa nzima. Jioni shangazi akapata wageni, akawatolea kile kijifurushi cha jani la mgomba chenye akamwani, kahawa zetu zile zilizochemshwa na majani ya harufu kisha zikakaushwa, za kutafuna. Nikachukua moja, nikaipasua kwa meno. Ndani mbegu mbili, zimelaliana, sawa kabisa. Niliruka kama Editha. Nusu! Mungu mwenyewe ameshaikata! Nikaandika kwenye andalio la somo, asubuhi Mwalimu Leokadia akapita kwa shangazi akielekea kwenye gari, akasaini kwa haraka goti likiwa meza, na darasani nikawatangazia kwa furaha: "Kesho naleta akamwani. Kila watu wawili, moja. Mnapasua, kila mmoja anampa mwenzake nusu, mnakula."

Wewe uliyezaliwa kijijini umeshashika kichwa. Mimi ni mtoto wa mjini. Nilijua akamwani ni ya wageni, basi.

Kesho yake tulianza kwa kuchonga vijiti. Nikamwona Editha anatokwa damu kidoleni, tete limemkata. Nikamfuta kwa leso yangu. Kabla sijamaliza, Jovina akainua dole gumba lake, nalo lina damu, anacheka. "Na mimi, Mwalimu! Tumekuwa wawili." Nikamfuta naye. Halafu nikagawa akamwani, na darasa likawa na harufu ya sebule ya watu wazima. Wakapasua, wakapeana, wakala. Wakakunja nyuso kwa uchungu wake, wakacheka. Kwenye nusu aliyoshika Jovina niliona kidoa chekundu. Niliona. Aliitazama, akaitia mdomoni. Mimi nikawaza habari za usafi, nikasema moyoni, ni kidogo tu, nikaandika ubaoni moja juu ya mbili. Lilikuwa somo bora kuliko yote niliyowahi kufundisha. Hakuna hata mmoja aliyekosa zoezi.

Mwalimu Leokadia alirudi, akaona ubao haujafutwa.

"Nusu umefundisha kwa nini?"

"Kwa akamwani, Mwalimu. Ulisaini."

"Mimi nilisaini nikiwa nimeshika mfuko mdomoni. Wamekula?"

"Wamekula."

"Wawili wawili? Akamwani moja?"

"Ndiyo."

"Mawe!" akamwita mama yake kwa Kihaya, akakaa juu ya meza ya zana, mizani ikaanguka. "Umewafungisha omukago darasa zima."

Ndipo akanieleza. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu kuliko ndugu, walichanja, wakapaka damu kwenye mbegu mbili za akamwani moja, kila mmoja akala ya mwenzake. Huo ndio omukago. Aliyeufunga hamshtaki mwenzake, hamnyimi moto, hamsogezei mpaka, wala yeye wala watu wa nyumba yake. Siku hizi haufungwi, lakini na kuvunjwa haujasikika ukivunjwa. "Tushukuru tu hakukuwa na damu," akasema. Mimi nikainama kuokota vizibo.

Siku ya pili yake ofisi ya Mwalimu Mkuu ilijaa. Jovina alikuwa amejisifia nyumbani, Ma Paskazia akayasema bombani, na ya bombani hufika kabla ya maji. Ta Wilbard alikuja ameshika barua ya uhamisho. Baba Jovina alikaa kwenye benchi na mama yake, Ma Paskazia, na kati yao na Ta Wilbard, aliyegoma kukaa, kiti kitupu. Mimi nilisimama kwenye kona ya kabati la vitabu na kutamani niwe kitabu.

"Mwalimu Mkuu," Ta Wilbard akaanza, "mimi nilileta mtoto asome. Sikumleta aozeshwe kwenye nyumba ya mtu."

"Omukago siyo kuozwa, Ta Wilbard," Ma Paskazia akasema taratibu. "Ndoa hizi mnaziacha kila siku."

"Mimi ni Mkristo! Hayo ni ya kizamani."

"Mimi na wewe tunasali jumuiya moja. Juzi tumesalia sebuleni kwako, nikakalia kigoda kibovu. Kama ni ya kizamani, mbona barua inatetemeka?"

Baba Jovina akacheka puani. Mama yake hakumgeukia hata. "Na wewe usicheke. Ukimfunga yeye, unakufunga na wewe."

"Halafu hawa ni wa kike!" Ta Wilbard akasema. "Tangu lini wa kike wakafunga omukago?"

"Tangu lini damu ikauliza hivyo?"

Mwalimu Mkuu akagonga meza kwa kalamu. Ni mtu mwema, hapendi kelele. "Tumalize. Ma, kahawa bila damu ni nini?"

"Ni kahawa, waitu."

"Vizuri. Watoto sitawaita, watoto watasema lolote. Mwalimu aliyefundisha yupo." Akanigeukia kwa ule uso wa mtu anayekunong'oneza jibu la mtihani. "Mwanangu. Damu haikuwepo, sivyo?"

Yale macho yote. Nilihesabu haraka kama darasa la tatu. Nikisema haikuwepo, wote wanakwenda nyumbani: mimi sina kosa, Mwalimu Leokadia hana kosa, shauri linaendelea wiki ijayo, barua inasainiwa, na Editha anavuka mlima. Nikisema ilikuwepo, nimekiri kwamba niliona damu kwenye chakula cha mtoto nikanyamaza. Jibu rahisi halikuhitaji hata sauti. Kichwa kingetosha, na kutikisa kichwa ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri.

"Ilikuwepo."

Wallahi sikujua ni mimi. Sauti ilitoka kubwa, mwalimu wa zamu akachungulia dirishani. Kalamu ya Mwalimu Mkuu ilibaki hewani.

"Ya nani?" Ta Wilbard akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ya wote wawili. Tete liliwakata. Niliwafuta kwa leso, hii hapa." Nikaitoa mfukoni. Sijui kwa nini sikuwa nimeifua. "Na kwenye nusu ya Jovina ilibaki. Niliiona, na akaila."

Leso ilipita mkono kwa mkono kama hati ya mahakama. Ma Paskazia aliitazama sana, akasema neno moja tu, "Mawe," akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. Ta Wilbard alivua kofia. Mtu mzima yule, aliyeingia akinguruma, aliketi kwenye kile kiti kitupu cha katikati, bega kwa bega na adui yake, maana hapakuwa na kingine. Akaikunja ile barua mara moja. Akaikunja mara ya pili. Nje rimu iligongwa, na kwa mara ya kwanza watoto wakatoka bila kubembelezwa.

"Damu," Mwalimu Mkuu akasema, kama anaamka. "Kwenye chakula. Shuleni kwangu."

"Andalio nilisaini mimi," Mwalimu Leokadia akasema kutoka mlangoni.

"Wewe nitakuandikia barua, una jalada. Huyu hana hata jalada, nitamwandikia wapi?" Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Sasa mwanangu upumzike."

Ndivyo nilivyostaafu. Mwalimu Leokadia alinisindikiza mpaka getini akanipa kile kizibo cheupe, ile mia niliyoikanyaga. Hakunisifu. Alisema, "Siku nyingine ukiona damu, sema siku hiyohiyo," na alikuwa na haki, na nawe ulishike hilo kuliko mengine yote humu.

Siku ya shauri Ta Wilbard hakwenda barazani. Shangazi alisubiri njiani kutwa ahakikishe. Wiki iliyofuata nilipita kule kupeleka mboga, nikasimama nisiamini macho. Wanaume wawili walikuwa wanapanda mlamula mchanga kwenye ile kona. Hawakuwa wanaongea, hata salamu sidhani. Lakini mmoja ameshika kichwa cha kamba na mwingine mkia, na kamba yenyewe ilikuwa na mafundo. Kamba yetu! Jovina alikuwa ameiazima kabatini bila kumwambia mtu.

"Kumi na mbili," Baba Jovina akasema.

"Kumi na moja," ikasema sauti ndogo. "Fundo la kwanza ni sifuri, Ta."

Alikuwa Editha. Nje ya shule, mbele ya watu wazima. Baba yake aligeuka kumtazama kama mtu aliyesikia mti ukisalimia. Wakarudia kuhesabu. Zilikuwa kumi na moja.

Akaniona, akaja mbio, akasimama karibu kabisa nami na kutazama mikono yake. Kidole kilikuwa kimeshapona, umebaki mstari.

"Mwalimu. Ulipigwa?"

"Hapana. Nimestaafu tu."

Akafikiri. Kisha akanivuta nikainama, akanisemesha sikioni.

"Lile tete halikunikata. Nilijikata mimi."

Nilidhani sijasikia. Nikakumbuka nilivyowatangazia siku moja kabla, kesho akamwani, wawili wawili. Nikakumbuka hadithi zote alizozisikiliza mtoto huyu kwa Ma Paskazia, kimya, miaka yote ambayo sisi tulidhani hana la kusema.

"Na Jovina? Alijua?"

Editha alitazama kule mpakani, rafiki yake anakozungusha kamba na kuimba.

"Nilimwambia nusu," akasema.